Poti ya Mizani na Jumapili za Saimone

Kila Jumatatu alfajiri, kabla malori ya maboga hayajajipanga, Lolohea hufungua ghala letu la Nukunuku, huketi mbele ya kompyuta na kuikumbusha kwamba ina mizani. Amefanya hivyo misimu kumi na minne. Mashine husahau kila ikikosa umeme, maana betri ya kumbukumbu yake ilikufa zamani, na aliyeiunda aliifungia ndani ya chipu isiyofunguka, pengine akiamini kompyuta itatupwa kabla ya betri kwisha. Hakuijua Tonga.

Hubonyeza kitufe cha kufuta mfululizo tangu taa inapowaka. Ukichelewa sekunde mbili, unaanza upya. Ukurasa wa bluu wa BIOS, ule wa mipangilio ya msingi ya mashine, ukitokea, hushuka hadi kwenye orodha ya poti, matundu ya kuchomekea nyaya. Ya kwanza, iliyochomekwa mizani, huifungua. Ya pili huifunga, la sivyo itagombania nafasi na modemu ya ndani, ambayo haijampigia mtu simu miaka ishirini. Huhifadhi, hutoka, huegemea kiti. Mgongo humuuma kabla wiki haijaanza.

Na umeme haukatiki wenyewe. Saimone, mlinzi wetu na mzee wa kanisa, huzima swichi kuu kila Jumamosi jioni. Sheria ya nchi inakataza kazi Jumapili; kuhusu kompyuta haisemi kitu, lakini Saimone hapendi kuiachia sheria kila jambo.

Oktoba hii binti wa Lolohea, aliyeko ng'ambo, Auckland, alipangiwa upasuaji wa kujifungua siku ya Jumatatu. Ni mtoto wa kwanza, baada ya miaka kumi ya kungoja. Tiketi ilikuwa ya Ijumaa. Kepueli, meneja, alimpa ruhusa kwa sharti moja: apatikane mtu wa kufungua poti, kwa kuwa meli ilipakia Jumatatu hiyo hiyo, na boga lisilopimwa halisafiri.

"Jifunze wewe, bosi," alisema Lolohea.

Kepueli alijaribu mara nne.

"Umechelewa tena."

"Nimebonyeza, mama."

"Umebonyeza kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe."

Mara ya tano aliingia, akafunga poti ya kibodi yenyewe. Nusu siku ikapotea tukitafuta kibodi ya zamani yenye plagi ya duara ili tuifungue tena.

"Hiyo likizo," alisema Kepueli, bila kumtazama, "tutaizungumza."

Jumatano Lolohea alimfuata Saimone langoni.

"Kaka, Jumamosi hii usizime."

"Mashine inayowaka inafanya kazi, dada."

"Haifanyi kitu. Inawaka tu."

"Umewahi kuiona Jumapili?"

"Jumapili nakuona wewe, umesinzia wakati wa mahubiri. Ile nayo ni kazi?"

"Nilikuwa natafakari."

"Basi na yenyewe inatafakari."

Saimone alisema atalifikiria. Alilifikiria hadi Ijumaa asubuhi, begi la Lolohea likiwa tayari limesimama ofisini, naye hajui kama atalibeba kwenda uwanja wa ndege au kulirudisha nyumbani.

"Nitaiacha iwake," alisema hatimaye. "Lakini waya wa mizani nautoa, na kioo nakifunika. Mgonjwa aliyelala macho hafanyi kazi."

"Na Jumatatu?"

"Niliyeutoa ndiye nitakayeurudisha."

"Kaza skurubu zote mbili. Ukikaza moja, waya utalegea."

"Dada, nenda zako."

Jumatatu Saimone alifunua kioo, akachomeka waya, akakaza skurubu mbili, kisha akaikaza tena ya kwanza. Lori likapanda mizani. Sifuri ilikaa palepale kwa muda uliotutosha sote kumtazama Kepueli. Halafu mizani ikaandika kilo elfu nne mia mbili na sitini.

Kepueli alituma ujumbe Auckland. Haukujibiwa. Tulivyosimuliwa baadaye, Lolohea alikuwa amelala kwenye kiti cha hospitali, kiatu kimoja kimemvuka mguuni. Muuguzi alimgusa bega mara mbili ampe mjukuu, akaona bora amshike mtoto yeye mwenyewe kwa muda.