Joto la Kulipia

Ambrosi Kikoti aliacha kuendesha malori ya mbao mwaka uleule mkewe alipoanza kutembea kwa kushika ukuta. Kabla ya hapo maisha yake yote yalikuwa barabarani, akitoa mbao Mafinga na kuzifikisha kokote zilikotakiwa. Wenzake walimjua kwa jambo moja: alichokuwa nacho kilikuwa chake kweli. Hakuwahi kuazima jeki ya mtu wala panga la jirani, na nyumba yake aliijenga pole pole, chumba kimoja kimoja, mpaka ikaisha.

Mkewe Benedicta alikuwa fundi cherehani. Sare za kwaya ya parokia yao zilipita mikononi mwake kwa miaka mingi. Kisukari ndicho kilichomtoa kwenye cherehani. Kilianza na ganzi kwenye vidole vya miguu, ganzi ikapanda taratibu hadi magotini, kisha ikavuka magoti. Ajabu ni kwamba kiuno na mgongo havikufa ganzi. Huko ndiko maumivu yalikokuwa yamehamia, na baridi ilipoingia yaliongezeka maradufu. Mafinga, ikifika mwezi wa sita, nyasi za asubuhi zinakuwa nyeupe kwa barafu, na mtu mzima kabisa huota moto huku amevaa koti. Kwa Benedicta miezi hiyo ilikuwa ya kukaza meno.

Daktari ambaye Benedicta alimwamini alikuwa Mbeya. Kila baada ya muda walikuwa wakienda huko, wanalala kwa Tekla, mdogo wake Benedicta, pale Uyole mlangoni mwa mji, kesho yake wanarudi. Basi lilimtesa. Ndipo mtoto wao wa pekee, Liberatus, aliyekuwa akifanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam, akawanunulia gari. Lilikuwa limetumika Ulaya, lakini bado jipya kwa macho, na ndani yake kila kitu kiliwashwa kwa kugusa kioo kilichokuwa katikati ya dashibodi.

Kitu kimoja Benedicta alikipenda kuliko vyote. Kiti cha abiria kilikuwa kinapata joto. Mara ya kwanza Ambrosi alipogusa alama yake kwenye kioo, walikuwa wametoka tu Mafinga, ukungu umefunika misonobari pande zote mbili. Walipokaribia Nyololo, Benedicta aliegemeza kichwa nyuma akafumba macho.

"Baba Libe," alisema, "ni kama mtu ameniwekea mikono kiunoni."

Ambrosi alitabasamu peke yake kilomita nyingi.

Walisafiri hivyo msimu mzima wa baridi. Benedicta alikuwa anashuka Uyole akitembea, tena wakati mwingine akiongea na Tekla kuhusu vitambaa. Wala Ambrosi hakujua kwamba lile joto lilikuwa la kulipia. Alilijua jambo hilo Krismasi, Liberatus alipokuja nyumbani.

Walikuwa wamekaa uani baada ya chakula, na Liberatus alikuwa ameshika simu yake. Akasema, kama mtu anayezungumzia jambo la kawaida, kwamba ameshalipia kifurushi cha gari cha mwezi unaokuja.

"Kifurushi gani?" Ambrosi akauliza.

"Cha kiti, baba. Na kile cha kuwasha gari kwa simu. Mwaka wa kwanza ilikuwa bure, sasa ni kulipia kila mwezi. Usipolipa wanakifunga."

"Nani anakifunga?"

"Kampuni iliyolitengeneza."

Ambrosi aliweka kikombe chini. "Hilo gari si ulilinunua?"

"Nililinunua."

"Na waya za kile kiti ziko wapi? Ziko kwao Ulaya au ziko ndani ya gari?"

"Ziko ndani ya gari, baba."

"Na umeme unatoka kwao?"

Liberatus alicheka kidogo, akijua baba yake anaelekea wapi. "Ni kama king'amuzi tu. Una king'amuzi chako, lakini usipolipia huoni mpira."

"King'amuzi nikilipa wananiletea mpira. Wanaurusha kutoka kwao, sawa, ni jasho lao. Kwa hiki kiti wananiletea nini? Joto linatoka kwenye betri yangu, na betri inajazwa na mafuta niliyoweka mimi. Sasa ninamlipa mtu ili aniruhusu kukalia kiti changu?"

"Lakini baba, angalia upande wa pili. Mtu wa Dar ana haja gani na kiti cha moto? Wangekiweka kwenye bei, na yeye angekilipia bure. Hivi anayehitaji analipa, asiyehitaji anaacha. Na ni kitu kidogo. Mimi sioni uzito wake."

"Uzito hauko kwenye pesa," Ambrosi alisema. "Leo ni kiti. Kesho watafunga taa, mpaka ulipe. Keshokutwa breki. Katika nyumba hii hatukodi vitu vyetu wenyewe. Kiondoe hicho kifurushi."

Liberatus naye alikuwa Kikoti. Uso wake ulibadilika. Alikuwa amelinunua gari lile kwa kujinyima, na alitegemea neno jingine siku ile. Aligusa simu yake mara mbili tatu, akaigeuza ili baba yake aone.

"Nimekiondoa," alisema. "Usije ukasema mimi ndiye niliyekataa."

Benedicta alikuwa amekaa kwenye mkeka wake mlangoni, akichambua maharage, na alisikia kila neno. Hakuna aliyemgeukia.

Miezi ya mvua ilipita bila mtu kuona tofauti. Kisha baridi ikarudi. Ambrosi alipogusa ile alama, kioo kikaandika kwamba huduma haijalipiwa. Siku hiyo alimfunga mkewe mablanketi mawili na kumwekea chupa ya maji ya moto mgongoni. Maji yalipoa kabla hawajamaliza msitu. Kutoka hapo hadi Makambako Benedicta alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili, na kila walipopita kwenye matuta alitoa sauti ndogo kooni. Uyole walimteremsha kwa kumbeba.

Tekla alimvuta shemeji yake pembeni. "Shemeji, kwa nini usimwambie Libe alipe tu?"

"Nimeshasema neno langu," alijibu Ambrosi. "Na yule kijana anasubiri nilimeze."

Badala ya kupiga simu Dar, alimtafuta fundi. Pale Uyole, karibu na njia panda, alikuwepo fundi wa umeme wa magari aliyeitwa Lusekelo, mtu wa makamo, mnyamavu, aliyesifiwa na madereva wengi. Lusekelo alikifungua kiti, akakiangalia kwa muda.

"Kila kitu kizima, mzee," alisema. "Mkeka wa joto upo, waya zipo. Wamekizuia huko kwenye kompyuta ya gari tu."

"Si ndivyo nilivyosema?" Ambrosi alisema, na moyo wake ukafurahi kuliko ilivyostahili.

"Naweza kukivutia umeme moja kwa moja kutoka kwenye fyuzi, nikuwekee swichi yako hapa pembeni. Ila mzee, nikupe ukweli. Kule kwenye kompyuta ndiko kunakopimwa joto. Likizidi, yenyewe inakata. Hii yangu haitapima. Itawaka mpaka uzime. Anayekikalia akisikia moto umezidi, aseme, wewe unazima."

"Atasema," alijibu Ambrosi.

Alisema hivyo kwa sababu mtu yeyote akiunguzwa husema. Miguu ya mkewe iliyokufa ganzi aliiosha yeye mwenyewe kila Jumapili kabla ya misa, na viatu vyake alivikagua visiwe na mawe ndani, kama daktari alivyomfundisha. Alijua yote hayo. Lakini saa ile, mbele ya kile kiti kilichofunguliwa, hakuyaunganisha.

Asubuhi walipoondoka Uyole alibonyeza swichi, na joto likaja upesi kuliko zamani. Benedicta alishusha pumzi ndefu.

"Umelipia?" aliuliza.

"Sijalipia. Ni chetu, kinawaka."

Benedicta alimtazama kidogo, kisha akatazama mbele. Walipoteremkia Chimala, ambako jua lilikuwa kali na wanawake wanauza mchele kando ya barabara, Ambrosi alizima. Walipopanda tena kwenye baridi baada ya Makambako, aliwasha. Kiuno kilitulia, na kwa kuwa kiuno kilitulia, Benedicta alilala. Ambrosi alimtazama mara kwa mara jinsi alivyolala kwa amani, akaendesha pole pole kwa makusudi ili asimwamshe. Safari ile ilichukua muda mrefu kuliko zote.

Kesho yake asubuhi Benedicta alimwita kutoka bafuni. Hakuita kwa hofu. Alisema kwamba kitenge alicholalia kina majimaji, na haelewi yametoka wapi, amwangalie. Ambrosi aliinama. Nyuma ya mapaja yote mawili, ngozi ilikuwa imevimba malengelenge mapana, mengine yameshapasuka, na chini yake nyama ilikuwa nyekundu.

"Kuna nini?" Benedicta aliuliza.

Ambrosi alipiga magoti ili aone vizuri.

"Baba Libe, kuna nini huko? Mimi sisikii kitu."

Walimpeleka hospitali, na huko ndiko alikokaa baridi yote na zaidi. Kidonda cha mtu mwenye kisukari hakina haraka ya kupona. Paja la kulia lilianza kufunga. La kushoto liliingia usaha, likachimbika. Benedicta alilala kifudifudi wiki baada ya wiki, shavu lake kwenye mto, akiangalia kitanda cha jirani. Walimsafisha kidonda, wakakata nyama iliyokufa, wakachukua ngozi sehemu nyingine ya mwili wake kuja kuziba. Mara ya kwanza ngozi ile haikushika.

Liberatus alikuja na basi. Alipomaliza kumsalimia mama yake alitoka nje, ambako baba yake alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia magotini.

"Fundi ndiye aliyefanya hivi?" aliuliza.

"Fundi aliniambia. Mimi ndiye ambaye sikusikia."

Liberatus alikaa kando yake, akasema, "Na mimi ningekilipia kimyakimya tu. Wewe usingejua. Nilikiondoa kwa hasira, baba. Nilitaka baridi ikija uniombe."

"Na ile kampuni?" Ambrosi alisema. "Wao walikuwa na kiti kizima, salama, wakakifunga kama duka. Nao sitaki kuwaachia."

"Hata ukiwapigia, watasema gari limechokonolewa."

"Ndivyo watakavyosema."

Walirudi wodini wote wawili, wakakaa mmoja huku na mwingine kule kwa kitanda. Bado walikuwa wakinong'ona habari za kampuni na za fundi, na nani angefanya nini, Benedicta alipowakatisha bila kuinua kichwa.

"Siku ile ya Krismasi mlibishana hadi chai ikapoa," alisema. "Mmoja anasema chetu, mwingine anasema kidogo. Aliyekuwa anakikalia ni mimi. Nani aliniuliza?"

Alihamisha shavu lake kwenye mto.

"Mngeniuliza, ningesema walipwe miezi ya baridi, ile mingine tuwaache na kiti chao. Basi. Lilikuwa jambo la kumaliza kabla sijamaliza yale maharage."

Liberatus alianza kulia. Ambrosi aliangalia sakafu. Baadaye, akiwa njiani, alirudia moyoni kwamba bado alikuwa na haki, kwamba mtu asilipishwe kila mwezi kitu alichokwisha kukinunua, na kwa kweli hakuona kosa katika hoja ile. Kilichomuuma ni kwamba hoja ilikuwa nzima na mkewe alikuwa amelala kifudifudi.

Benedicta alirudi nyumbani mvua za kwanza zilipoanza. Kidonda kilifunga, lakini kovu lilivuta msuli wa paja la kushoto, mguu ukawa haunyooki. Kukaa kwa muda mrefu hakuwezi tena. Mbeya wakaacha kwenda. Daktari wa pale Mafinga, kijana mwema, anamwona kwa kadiri anavyoweza, na dawa nyingine hazipatikani. Misa anaisikiliza kwenye redio, amelala ubavu. Mara chache kwaya inakuja kumwimbia, na yeye hutazama mishono ya sare mpya zaidi kuliko anavyosikiliza nyimbo.

Gari lilikaa uani mpaka kuku wakaanza kutaga chini yake. Hatimaye Ambrosi alipata mnunuzi, mfanyabiashara wa mchele aitwaye Saulo, mtu wa Chimala. Alimpelekea mwenyewe, na kabla ya kupokea chochote akamweleza habari ya kiti: kwamba ni cha kulipia kila mwezi, kwamba kimewahi kuungwa vibaya, kwamba zile waya ameziondoa, na kwamba asije akakubali fundi yeyote amrudishie. Kwa nini, hakusema, ila alilirudia neno hilo mara mbili.

Saulo alikuwa akijifuta jasho shingoni. "Mzee, na jua hili la hapa, kiti cha moto nitakitakia nini?" alisema, akachukua ufunguo.

Ambrosi alirudi na basi, amekaa dirishani upande wa kivuli. Alipoingia ndani alimkuta Benedicta ameelekea ukutani, blanketi limempungukia miguuni. Alilivuta likamfunika, kisha akapitisha mkono chini ya blanketi na kumshika unyayo.

"Umemwambia?" Benedicta aliuliza.

"Nimemwambia."

"Haya."

Aliendelea kuushika unyayo ule, na ulikuwa wa baridi. Benedicta, kwa kuwa hakuweza kuhisi mkono wake, aliuliza amekwenda wapi.

"Nipo hapa," alisema Ambrosi.