Siku Tuliporudisha Waya Mbovu

Mume wangu aliacha kazi ya mgodi wa shaba wa Kilembe na kununua gari katika wiki moja, na habari zote mbili alizitangaza kwa pamoja, nje ya kanisa, watu wakiwa bado wanasalimiana. Mpango wake ulikuwa kubeba abiria kati ya Bwera na Kasese. Alikuwa ameshuka chini ya mlima ule kwa miaka mingi na hakutaka kushuka tena. Msimamizi wake hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba kofia yake ya chuma ingebaki imetundikwa kwenye msumari, ili siku ya kurudi asisumbuke kutafuta nyingine. Maneno hayo mume wangu aliyarudia nyumbani mara nyingi, hata wakati wa kula.

Kubeba abiria kulihitaji karatasi mbili kutoka kwa askari mkaguzi wa magari, aliyefanya ukaguzi Kasese kila mwisho wa mwezi. Moja ilikuwa ya gari, kwamba ni zima. Nyingine ilikuwa ya dereva, kwamba anajua kazi. Ukikosa moja, hubebi mtu.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la kijivu, na lilitoka ng'ambo ya mpaka kwa Mkongo mmoja aliyekuwa akitazama pembeni wakati wote wa mauzo. Injini ilikuwa nzuri. Umeme ndio ulikuwa na mambo yake. Ukikanyaga breki, waipa zilipanda hadi katikati ya kioo na kusimama hapo, kama watu walioinua mikono wakasahau swali. Ukiwasha indiketa ya kushoto, honi ililia kwa sauti nyembamba ya mbuzi aliyefungwa mbali. Indiketa ya kulia haikuwaka kabisa.

Mume wangu hakuziita hizo kasoro. Alilichunguza gari lile jinsi mtu anavyochunguza tabia za mama mkwe, akapata njia ya kuishi nalo. Kabla ya kufunga breki, alizungusha swichi ya waipa, na waipa zikalala. Kabla ya kukata kushoto, alivuta kidogo choki, ile ya kuongezea injini petroli wakati wa baridi, na mbuzi akanyamaza. Kwa kulia alibonyeza honi; honi haikulia, bali indiketa iliwaka. Baada ya miezi michache alikuwa hafikiri tena. Ukisimama barabarani uliona gari la heshima likipita. Ukikaa ndani uliona mtu anayepiga kinanda.

Dada yake mkubwa, wifi yangu, alikuwa akishuka kutoka Karambi na maharagwe yake na kukaa kwetu siku za soko. Yeye ndiye aliyekuwa abiria wetu wa mazoezi, kiti cha nyuma.

"Mutoto ya mama," alimwuliza siku moja, "unaendesha ama unatwanga?"

"Naendesha."

"Mutu moja, mikono ine."

"Kila gari iko na desturi yake, dada."

"Na mutu mwingine akiingia, asiyejua desturi?"

"Basi hiyo si gari yake."

Lakini mkaguzi alikuwa na tabia ya kukaa kwenye usukani mwenyewe na kujaribu kila kitu, swichi moja baada ya nyingine, na mume wangu alilijua hilo. Ndipo alipokubali kwamba nyaya za arthi zibadilishwe. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu na sikujua arthi ni nini, nikamwuliza. Huko mgodini alikuwa amefanya kazi kwenye winchi za umeme, kwa hiyo alijua kueleza.

"Umeme inatoka kwa betri, inafanya kazi kwa taa, halafu inataka kurudi kwa betri," alisema. "Njia ya kurudi ni bodi ya gari na hizi waya za arthi. Ona soko ya Mpondwe, pale mpaka. Watu wakikuta daraja imefungwa, watalala hapo?"

"Hawalali. Watapita mtoni."

"Watapita mtoni, watapita kwa shamba yako, watapita kwa jikoni. Sasa umeme yetu inapita kwa jikoni."

Waya aliununua kwa wachomeleaji wa Kasese, kipande kinene cha shaba chenye ngozi nyeusi ya mpira. Alikileta nyumbani mabegani kama nyoka aliyeuawa. Alikuwa amevuta shaba kutoka chini kwa miaka yote ile, na hicho kilikuwa kipande cha kwanza kuwa chake.

Tulifanya kazi hiyo Jumamosi, uani. Alifungua waya wa zamani uliotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi, akafungua na ule bapa wa kusukwa ulioshika injini. Zote mbili zilikuwa zimegeuka kijani, na nyuzi nyingine zilivunjika alipozigusa. Pale zilipofungwa palikuwa na kutu na rangi, akapasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa. Vishikio vya kufungia kwa bolti vilihitaji kulehemiwa kwenye ncha za waya mpya, na moto pekee ulikuwa wa sigiri, na juu ya sigiri palikuwa na maharagwe ya wifi.

"Toa sufuria kidogo," mume wangu alimwambia.

"Maharagwe haitoki ikishaanza kuchemka."

"Ni dakika tu."

"Hata mutoto akizaliwa ni dakika tu. Pasha chuma chako hapo kwa pembeni."

Kwa hiyo alilehemu akiwa amepiga magoti, mvuke wa maharagwe usoni, huku wifi akikoroga juu ya kichwa chake. Alifunga waya mmoja kutoka betri hadi bodi, mwingine kutoka injini hadi bodi, na nyingine nyembamba kutoka taa za mbele na za nyuma. Akapaka grisi. Kisha akaniweka kwenye usukani, yeye akaenda nyuma ya gari.

"Kanyaga breki."

"Nimekanyaga."

"Waipa?"

"Zimelala."

Alikuja mbele kuangalia mwenyewe. Nilikanyaga tena. Taa za nyuma ziliwaka nyekundu kama inavyotakiwa, waipa hazikutikisika. Indiketa ziliwaka kushoto na kulia, honi ikalia ilipobonyezwa na kunyamaza ilipoachwa.

"Hazipandi hata kidogo?" aliuliza, kwa sauti niliyozoea kuisikia kwenye matanga.

Wifi alizichukua zile nyaya za zamani. Ile ndefu alifungia mlango wa banda la kuku wake hapo uani kwetu, na ile bapa dirisha lake.

Mwisho wa mwezi tulikwenda Kasese. Mkaguzi alikuwa mtu mrefu wa kaskazini, aliyeishi kambi ya askari mjini hapo na familia yake na kuongea Kiswahili cha gwaride. Aliingia garini, akajaribu kila swichi, akafungua boneti, akashika waya mpya kwa vidole viwili.

"Hii nani nafanya?"

"Mimi, afande. Nyumbani."

"Mzuri." Akatia sahihi karatasi ya kwanza hapo hapo, juu ya boneti. Kisha akaonyesha uwanja wenye mapipa yaliyopangwa. "Sasa wewe. Zunguka. Mimi naangalia."

Mume wangu alianza vizuri kwa umbali wa kama pipa moja. Mkaguzi akapaza sauti: "Kushoto." Mkono wa mume wangu ukavuta choki mpaka mwisho bila kumwuliza, injini ikakohoa moshi mweusi, gari likakata kushoto likirukaruka. "Kulia." Honi ikalia, kwa nguvu zake zote mpya, kuanzia mwanzo wa kona hadi mwisho wake. "Simama." Waipa zikaanza kufuta kioo kikavu kwa kasi, zikilia kama panya, na gari likasimama.

Mkaguzi alisogea dirishani. "Mvua iko wapi?"

"Hakuna, afande."

"Honi ya nini? Kuna mutu mbele?"

"Hakuna, afande."

"Rudia."

Alirudia, na yakajirudia yote, ila safari hii moshi ulikuwa mwingi zaidi.

"Gari imepita," mkaguzi alisema. "Mutu imeanguka. Kuja mwisho wa mwezi ingine."

Mwezi ule nilimwona mume wangu akipigana na mikono yake. Aliweka kiti uani, akashika sinia kama usukani, nami nikawa nasema kushoto, kulia, simama. Kila nikisema kushoto, mkono ulikwenda kutafuta choki pasipo na choki. Nilipendekeza tumfunge mkono wa kushoto kwa kitenge. Tulimfunga, na mguu ukaanza kufanya mambo ambayo haukuwahi kuyafanya. Katikati ya mwezi mtu wa Kilembe alipita na salamu za msimamizi, kwamba zamu ya asubuhi ina nafasi. Mume wangu hakula jioni ile.

Kesho yake alinijia nikisahihisha madaftari.

"Mwalimu," alisema, maana ndivyo alivyoniita alipotaka nimsikilize. "Karatasi ya gari tuko nayo?"

"Tunayo."

"Ataangalia gari tena?"

"Hapana. Atakuangalia wewe."

"Basi gari haina lazima ya kuwa nzima."

Nilitafuta kosa katika maneno hayo. Nilitafuta kwa uaminifu, kama ninavyotafuta kosa katika hesabu ya mtoto ninayejua kwamba jibu lake haliwezi kuwa sahihi. Sikulipata.

Wifi alikataa kufungua banda. "Wacha niseme mbele ya mwalimu. Unataka kuharibu gari ili ujue kuendesha?"

"Nataka kuirudisha vile ilikuwa."

"Na kuku wangu?"

"Nitakupa waya mpya. Ni shaba safi."

Hilo lilimfanya afikirie, maana hakuna mtu Karambi aliyekuwa na banda la kuku lenye kufungwa kwa shaba. Lakini nilisema waya mpya zitakaa kwenye kikapu chake na zitakwenda nasi Kasese, na sharti langu likapita. Mlango wa banda ulifungwa kwa kamba ya mgomba.

Nilitaka kufuta kinyesi cha kuku kwenye ile ndefu. Mume wangu alinishika mkono. "Usisafishe. Tafadhali." Alizifunga zote mbili zikiwa na kutu yake ile ile, akatoa na zile nyembamba za taa. Akaniambia nikanyage breki. Waipa zilipanda hadi katikati ya kioo, zikasimama. Alizitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kuoga.

Njiani, kwenye nyika kabla ya Kikorongo, nyati walivuka barabara, akafunga breki ghafla, na waipa hazikutikisika. Nikaona mkono umeshafika kwenye swichi kabla mimi sijawaona nyati.

Safari hii mkaguzi aliagiza mimi na wifi tukae nyuma, aone dereva akiwa amebeba watu. Yeye alisimama uwanjani. Kushoto, kulia, simama, rudi nyuma. Indiketa ziliwaka upande uliotakiwa, kimya. Mbele yetu mikono ilikuwa ikipanda na kushuka, na wifi akaomba chini chini kwa Kikonzo mpaka mwisho. Nje hakuna kilichosikika ila matairi.

"Sasa umekuwa mutu," mkaguzi alisema, akatia sahihi karatasi ya pili. Mume wangu aliikunja na kuiweka kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Alikuwa ameshika ufunguo tena pale mkaguzi alipofungua mlango wa dereva.

"Songa. Leo mimi naendesha mpaka kambi. Chakula inapoa."

Mume wangu alisogea. Hapakuwa na la kufanya. Mkaguzi aliondoka vizuri, akapunguza mwendo penye mtaro, na waipa zikapanda katikati ya kioo zikasimama. Akazitazama. Akaachia breki, zikashuka. Akakanyaga tena, zikapanda. Penye njia ya kambi alitaka kulia, indiketa haikuwaka. Getini alitaka kushoto, na honi ikamlilia askari wa zamu kwa sauti ya mbuzi. Askari akapiga saluti. Wake wa askari waliokuwa wakianua nguo waliacha kuanua.

Alizima injini. Mimi nilikuwa nikiangalia mfuko wa shati la mume wangu.

"Gari hii nakagua mimi," mkaguzi alisema hatimaye.

"Ndiyo, afande."

"Ikapita."

"Ilipita, afande."

"Na wewe naendesha sasa hivi. Kelele hakuna."

"Hakuna, afande."

Mkaguzi aliigeuza mikono yake, akaitazama viganja na migongo. Alikuwa mtu wa haki. Karatasi zote mbili zilikuwa na sahihi yake, kwa hiyo aliyebaki bila karatasi mle garini alikuwa mmoja tu, yeye mwenyewe.

"Tangu juzi kichwa inauma," alisema.

"Pole, afande," wifi alimwambia. "Jua ya Kasese iko mubaya. Kunywa maji, ulale."

Alishuka, akamrudishia mume wangu ufunguo, akaenda kwa miguu kuelekea nyumba yake, polepole, kama mtu anayejaribu kama miguu nayo bado inamtii.

Mume wangu alikuwa tayari kubeba abiria hivyo hivyo, kwa kuwa karatasi anazo. Nilimwambia kwamba mimi sitapanda, na kikapu kina waya, na spana iko chini ya kiti. Alisimamisha gari kwenye kivuli kando ya barabara ya Bwera na kufungua boneti. Kabla hajafunga bolti ya kwanza, mama mmoja mwenye gunia la samaki wa chumvi na wazee wawili wa Mpondwe walikuwa wameshaingia wakafunga milango, maana gari lililosimama ni gari linaloondoka.

Tuliondoka waya mpya zikiwa mahali pake, na mikono ya mume wangu ikiwa bado ile ile ya zamani. Kila kona ya kulia honi ililia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watu waliokuwa mashambani walituinulia majembe, na wazee wakawapungia. Mama wa samaki aliinama mbele, akauliza kama dereva ana ndugu kila kona.

"Anao," wifi akamjibu.