Mizani ni ya Dawa Tu

Dada yangu ni mwuguzi wa zahanati ya gereza. Nyumbani akiona mende hupanda kitandani na kupiga mayowe, lakini wauaji huwafokea kama watoto waliokataa kuoga. Wao humwita Mama Sindano. Hofu yake ya kweli ilianza siku alipoingiza mizani katika jengo la waliohukumiwa kunyongwa.

Nia yake ilikuwa njema. Seremala mmoja, aliyemuua jirani yake kwa patasi, alikuwa na kifua kikuu, na dozi ya dawa hufuata uzito. Mizani ilipotua mlangoni, wanaume wazima wakapiga kelele, mmoja akajifunika blanketi gubigubi. Askari akamnong'oneza dada kwamba kule anayepimwa ndiye anayekatiwa kamba, maana urefu wa kamba hufuata kilo.

"Jamani, ni ya dawa tu!" dada akapaza sauti. "Haki ya Mungu!"

Seremala akamwamini, akapanda. Wengine wakatulia.

Dawa ikafanya kazi, kikohozi kikaisha. Ndipo mkuu wa gereza akamwita dada ofisini, akafunga mlango.

"Sista, yule wa kifua ana kilo ngapi?"

"Za nini, afande?"

"Amri imefika. Kesho asubuhi mpime tena, nitakuwepo."

Dada alirudi nyumbani, akakaa bila kuvua viatu.

"Si ukatae," nikamwambia.

"Watakisia tu."

"Basi danganya!"

Hapo akaangua kilio. Akipunguza kilo, kamba itakuwa ndefu mno, imkate mtu kichwa. Akizidisha, itakuwa fupi, afe polepole. Akisema kweli, ndiye aliyemsaidia mnyongaji.

Mama yetu, mshika dini, akasema, "Auaye naye auawe, ndivyo tulivyofundishwa. Wewe unasoma namba tu."

"Mama, nimemponya ili wamnyonge akiwa mzima? Na Mungu niliyemwapia, nitamwambia nini?"

Mimi niliogopa, sifichi. Nilimwogopa dada yangu, ile mikono iliyonifunga vidonda utotoni.

Asubuhi akaenda. Alikuwa ameazimia kumwambia seremala ukweli kabla mkuu hajafika. Lakini mkuu alitangulia, amesimama ukutani, mikono nyuma. Na seremala alipomwona Mama Sindano akacheka.

"Dada yangu, nimenenepa! Tazama, suruali inanibana. Lete mizani tuone dawa yako ilivyofanya kazi."

"Kaka..." dada akaanza. Mkuu akakohoa.

Seremala akaivuta mizani mwenyewe, akapanda, akanyooka kama mtoto anayepimwa urefu. Dada akasoma namba ile kwa sauti, namba ya kweli. Mkuu akaitika kwa kichwa, akaondoka.

Safari hii hakuna aliyepiga kelele. Wenzake walimpigia makofi.