Fundi wa Jumamosi

Papa yangu alifundisha hesabu katika shule ya sekondari hapa Bukavu mpaka nywele zake zikawa nyeupe zote. Wanafunzi wake wa zamani, ambao leo ni watu wazima wenye vitambi na magari, bado wanashusha sauti wakipita mbele ya nyumba yetu, mtaa wa Muhumba. Hakuwa mkali wa fimbo, alikuwa mkali wa macho. Nyumbani vilevile hakuchekacheka. Alikula kimya, akasoma, na ukimletea matokeo mazuri alisema, "C'est bien," yaani ni vizuri, kisha akarudi kwenye gazeti lake.

Isipokuwa Jumapili. Baada ya misa na chakula, televisheni ilionyesha mchezo wa fundi cherehani, na hapo papa yangu aligeuka mtu mwingine.

Ulikuwa mchezo wa kuchekesha uliotengenezwa Afrika ya Magharibi, kwa Kifaransa chao kile kinachopanda na kushuka kama wimbo. Karibu kila kitu kilitokea ndani ya duka moja dogo: cherehani mbili, kabati kubwa la nguo, na mlango unaotazama barabara. Fundi alikuwa mnene, na mita yake ya kupimia nguo haikutoka shingoni. Alikuwa na mikono ya dhahabu na hakumaliza nguo ya mtu yeyote. Mke wake alikaa mlangoni kupokea lawama. Halafu kulikuwa na mteja, maman mmoja mrefu mwenye mkoba mweusi, ambaye kila mara ana arusi au ubatizo, na kila mara gauni lake haliko tayari. Akiuliza litakuwa tayari lini, fundi aliweka mkono kifuani kama mtu anayeapa mbele ya padri: "Samedi, maman, sans faute!" Yaani Jumamosi, bila kukosa. Miaka yote tuliyoangalia mchezo ule, Jumamosi hiyo haikufika.

Papa alicheka mpaka akavua miwani. Mabega yalitikisika, machozi yakatoka, naye akajipangusa kwa upande wa nyuma wa mkono. Sisi watoto tulicheka kidogo kwa ajili ya fundi, na sana kwa ajili ya papa. Tonton, mdogo wake, ambaye siku hizo alikaa kwetu akisoma, alilala juu ya mkeka katikati ya sebule na kupiga sakafu kwa kiganja. Maman alitoka jikoni, mikono ikiwa na unga wa fufu, aone ni nini tena.

Na kweli, kila mtu wa Bukavu ana fundi wake wa namna ile. Mwaka wa komunyo yangu ya kwanza papa alishonesha koti huko Kadutu. Aliambiwa Jumatano, akaambiwa Ijumaa, na asubuhi ya sikukuu yenyewe akaletewa koti ambalo uzi mweupe wa kushikizia ulikuwa bado unaonekana kwenye bega lote. Maman alikasirika sana. Papa alilivaa, akajitazama kwenye kioo, akaweka mkono kifuani, akasema kwa sauti ya yule fundi: "Samedi, sans faute!" Tulienda kanisani tukicheka. Katika picha za siku ile uzi unaonekana vizuri sana.

Miaka ikapita. Mchezo ukaacha kuonyeshwa, tukakua, tonton akarudi Luhwindja kwenye mashamba ya babu. Papa akapata pensheni. Mimi nikaanza kazi katika ofisi moja upande wa Nguba, lakini niliendelea kukaa nyumbani na wazazi.

Kisha asubuhi moja papa alianguka kando ya kitanda. Tension, yaani presha ya damu, ilikuwa imepanda. Hospitalini walituambia ni kiharusi, na kwamba tushukuru Mungu amebaki hai. Alirudi nyumbani upande wa kulia ukiwa mzito kama si wake, na mdomo bila maneno. Alitoa sauti moja tu, "ee", ambayo ilikuwa ndiyo, hapana, maji, maumivu na kila kitu kingine. Daktari alisema pengine anaelewa tunachosema, pengine haelewi. Hilo "pengine" ndilo lililotuumiza zaidi. Mtu aliyekuwa anaona kosa la hesabu kutoka mwisho wa darasa, sasa alitazama dirisha saa nzima, na hatukujua kama anaona ziwa kule chini au anaona mwangaza tu.

Polepole tukaanza kuongea juu yake kama vile hayupo. Hakuna aliyekusudia. Ukimwuliza mtu swali na hajibu, mwishowe unamwuliza aliye karibu naye.

Tonton alikuja kutoka Luhwindja kumtazama. Alikaa kwenye kiti sebuleni, akageuza kofia yake mikononi, halafu akasema alichokuja nacho.

"Shemeji, mimi naona tumupeleke kule nyumbani. Huku asubui muko munatoka bote, weye kwa soko, mutoto kwa kazi. Anabakia na nani? Na hizi ngazi za kwenu, siku moja ataanguka tena. Kule kwetu iko fasi, iko maziwa, iko batu ba kumuangalia muchana yote."

Maman alikuwa anampangusa papa kidevu. "Na kiné wake wa mazoezi? Kule nani atamunyoosha mukono?"

"Tutajifunza sisi wenyewe."

"Ameishi Bukavu maisha yake yote," nikasema.

Tonton alinitazama kwa huruma. "Mutoto yangu, sasa Bukavu na Luhwindja kwake iko kitu moja."

Hakusema kwa ubaya. Alimpenda kaka yake kuliko sisi sote, nadhani. Usiku huo maman hakulalamika tena juu ya safari hiyo, na kwa maman kutolalamika ni kukubali. Walipatana kwamba tonton atarudi na gari baada ya mvua kupungua.

Ni katika wiki hizo za kungojea ambapo mwenzangu mmoja ofisini alinipa flash ya kuchomeka kwenye televisheni. Mtoto wake alikuwa amepata michezo ya zamani kwenye internet, na ndani yake fundi alikuwemo. Niliileta nyumbani bila matumaini yoyote. Nilitaka tu kelele nyingine sebuleni mbali na ile ya saa ya ukutani.

Ilikuwa Jumapili baada ya chakula, na kwa bahati umeme ulikuwepo. Tulimkalisha papa kwenye kiti chake, mkono wa kulia juu ya mto. Maman alikaa chini kwenye mkeka akichambua maharagi. Nikaanzisha mchezo mmoja bila kuchagua.

Ulikuwa ule wa kabati. Mteja anakuja kuchukua gauni la arusi ya mtoto wake, arusi ni kesho yake, na gauni bado ni kitambaa. Fundi anamwona mbali, anajificha ndani ya kabati la nguo, na mkewe anafunga mlango. Mteja anaingia. Mke anaapa kwamba mumewe amesafiri, yuko mbali sana. Wakati anaongea, tunaona kwamba mita ya fundi imebanwa na mlango, na kipande kinaning'inia nje. Mteja anakiona. Anakishika kwa vidole viwili, anaanza kuvuta polepole, na ndani ya kabati kichwa cha fundi kinagonga mbao.

Mke wa fundi alipofunga mlango wa kabati, papa alicheka.

Si sana. Sauti ilitoka ikiwa imekwaruzika, upande mmoja wa mdomo tu. Lakini kilikuwa kicheko. Na mita ilikuwa bado haijaonekana. Mteja alikuwa bado hajaingia. Hapakuwa na kitu cha kuchekesha bado, ila kwa mtu anayejua kinachokuja.

Maman aliacha maharagi. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Kabati likafungwa, na papa akacheka tena, palepale, kabla ya mita.

Maman akasimama. Alienda akapiga magoti mbele ya kiti, akaziba televisheni kwa mwili wake, akamshika papa mashavu kwa mikono miwili iliyojaa vumbi la maharagi. Alimtazama kama mtu anayechungulia ndani ya nyumba kupitia dirisha.

"Papa ya batoto," akamwambia polepole. "Kumbe uko umo ndani?"

Papa alimtazama. Mkono wake wa kushoto ukapanda, ukashika kifundo cha mkono wa maman.

"Uko unasikia byote? Ile yote tunasemaka?"

"Ee," papa akasema. Na mara hii tulijua ni ndiyo.

Maman alilia na kucheka kwa wakati mmoja. Kisha akamgombeza, eti alikuwa anamwacha asali rozari peke yake jioni zote hizo wakati yeye anasikia kila neno. Nami nilisimama na rimoti mkononi, nikisikia fundi nyuma yao akigonga kabati.

Tangu siku hiyo tulirudi kumwambia papa mambo yake yeye mwenyewe. Kiné alipokuja, maman alimsimulia yote. Alikuwa kijana mpole. Alisema maneno ambayo mtu ameyabeba miaka mingi wakati mwingine hutangulia kurudi, kabla ya yale ya kutafuta: sala, nyimbo, na kwa nini isiwe mchezo. "Mumuwekee kila siku," akasema. Tukafanya hivyo. Nilikuwa naogopa kwamba mchezo utachakaa mbele ya macho yetu, kwamba tukishaujua wote kwa moyo tutauchoka. Haikuwa hivyo. Nilianza kuona vitu ambavyo utotoni vilinipita: jinsi mke wa fundi anavyokunja kitambaa kwa upole hata anapodanganya, na jinsi fundi, mteja akishatoka, anavyobaki amelitazama gauni ambalo halijaisha, akionekana anataka kweli kulimaliza. Waliocheza mchezo ule hawakumdharau mtu hata mmoja aliyeingia dukani mwao.

Na mchana mmoja mteja aliuliza, kama kawaida yake, gauni litakuwa tayari lini. Kabla fundi hajafungua mdomo, sauti nzito, yenye kukatika, ikatoka kwenye kiti cha papa:

"Sa... medi."

Baada ya siku kadhaa akaongeza "sans faute". Halikuwa neno safi, lakini lilikuwa neno. Nilimpigia tonton simu, nikamwambia papa anaendelea vizuri, anaanza kusema. Alinijibu "Mungu asifiwe" kwa sauti ile ambayo watu hutumia kumfariji mtu anayejidanganya.

Mvua zilipopungua alifika, kama walivyopatana. Alikuja na gari ya kukodi, nyuma yake ameweka godoro na blanketi mpya, kila kitu kimepangwa kwa upendo. Aliingia, akasalimia, akachuchumaa mbele ya kiti cha kaka yake, akamwita yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa.

"Yaya, nimefika. Motokari iko inje, nimekutandikia muzuri. Tunaenda lini? Leo, ao kesho asubui?"

Papa alimtazama. Kisha akainua mkono wa kushoto, akauweka juu ya kifua.

"Samedi," akasema. "Sans... faute."

Tonton alinitazama mimi, akamtazama maman, akarudi kwa papa. Na pembeni mwa mdomo wa papa, ule upande uliokuwa bado unatii, tukaona kitu kidogo kinachezacheza. Hapo tonton akaelewa. Akakaa chini sakafuni, palepale ambapo zamani mkeka wake ulikuwa, akaanza kucheka, akapiga sakafu kwa kiganja.

"Shemeji, huyu hataki!" alisema huku anafuta macho. "Iko ananiambia hataki hata kidogo!"

Gari ilirudi Luhwindja na godoro tupu. Tonton alibaki. Alikata miti ya mikaratusi, akajenga kizuizi imara cha kushikilia kandokando ya ngazi zetu zote, kutoka mlangoni mpaka barabarani, na alipomaliza alimtembeza kaka yake juu na chini mpaka majirani wakatoka kuangalia. Tukapata pia maman mmoja wa parokia yetu wa kukaa na papa asubuhi. Leo papa anatembea na fimbo. Maneno mengi yamerudi, mengine anayatafuta kwa hasira, na hesabu anafanya haraka kunishinda.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mchezo mzee namna ile, wenye rangi zilizofifia na nguo ambazo hakuna anayezivaa tena, unaendelea kutushika. Ofisini niliwaonyesha vijana wa stage, wale wanaokuja kujifunza kazi, ambao walizaliwa wakati sisi tulikuwa tumeshaacha kuutazama, nao wakacheka palepale tulipocheka sisi. Nadhani ni yule mteja. Anadanganywa, anakasirika, anaapa hatarudi, halafu wiki inayofuata mlango unafunguka na yeye ndiye, na mkoba wake. Tumeishi katika mji ambao watu wengi waliondoka na hawakurudi. Katika duka lile kila mtu hurudi. Fundi hainuki kusema umetokea wapi. Anavuta kiti tu.

Jumapili iliyopita tulikuwa wote sebuleni, na tonton alikuwa amekuja na viazi. Katikati ya mchezo umeme ulikatika. Nikaanza kuinuka, lakini papa alinizuia kwa mkono, akaendelea na hadithi pale ilipokuwa imeishia, polepole, neno kwa neno. Alipokwama, maman alisema maneno ya mke wa fundi, na alijua hata pale pa kukohoa. Tonton akawa mteja, na mfuko wa viazi ukawa mkoba. Taa iliwaka tena, televisheni ikaanza kuongea yenyewe.

"Zima kwanza," maman akaniambia. "Papa yako hajamaliza."