Wapangaji wa Kambini

Juzi mwanangu karudi shuleni, kavua viatu mlangoni, akaniuliza, "Mama, hivi sisi ni walalahoi?" Nikamwambia akanawe mikono, chakula kiko tayari. Unaniona nilivyo? Mwanamke mzima, na bado neno la namna hiyo linanikimbiza jikoni. Ngoja nikusimulie yalianzia wapi.

Nililelewa na bibi kwenye kambi ya mkonge, nje kidogo ya Kilosa. Vyumba vilipangwa mstari mmoja chini ya bati moja. Jirani akipiga chafya, unamwambia "afya" bila kutoka kitandani. Babu aliletwa pale ujanani kutoka mbali, kukata mkonge. Watu kama yeye waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake, na jina likawaganda hadi wajukuu. Babu sikumkuta. Nilimkuta bibi, anayesokota kamba kwa singa, zile nyuzi za mkonge zilizodondoka kiwandani, na jioni anasonga ugali wa kula na mlenda huku ananitania, "Mke mwenzangu, lete mwiko, mume wetu hatupikii huko aliko." Harufu ya mkonge uliooza ilikaa kwenye nguo, kwenye mashuka, hata kwenye maji ya kunywa. Niliichukia mno. Leo ningefunga safari kuifuata.

Shuleni mjini tulikaa na watoto wa mtaa wa Mabwerebwere. Huko kila mtu alikuwa na neno lake. Wenye maduka walikuwa wazito, wenye magari vigogo. Wakulima walikuwa wakulima, redio ilishawasifu miaka nenda miaka rudi. Neno walalahoi lilipofika kutoka Dar, watu walilipokea kwa kicheko, wakajiita wenyewe. Ila manamba hakuna aliyejiita. Hilo uliitwa, tena kwa nyuma, ukipita. Niliona nimefungiwa ndani yake na sina pa kutokea. Basi nikamdanganya rafiki yangu wa dawati moja, mtoto wa mwenye duka la vitambaa, kwamba sisi pale kambini ni wapangaji tu, na bibi anafanya biashara Mikumi, barabarani kwenye malori.

Kisha ikaja ile miaka ya kila kitu kuuzwa. Mashine ya kusaga mkonge ikanyamaza, shamba likapata mwenyewe mpya. Tukatangaziwa kwamba familia za wafanyakazi wa zamani zitabaki na vyumba vyao, na kila moja itapewa kipande cha kulima nyuma ya nyumba. Karani angepita mlango kwa mlango. Bibi alikuwa ameishi pale maisha yake yote bila hata tuta moja la kwake! Akaanza kugawa ardhi kwa kidole: hapa kunde, pale mihogo. Lakini dada yake aliugua, ikabidi aende Berega kumuuguza. Akanipa namba ya babu, kipande cha bati. "Karani akija, mwonyeshe hii. Basi."

Loo, na siku ya kuja karani ndiyo siku rafiki yangu alikuja kunitembelea, na soksi zake nyeupe.

"Hapa nyumba ya manamba?" karani akauliza.

Bati nilikuwa nalo mfukoni. "Shikamoo. Hapana," nikasema, "sisi wapangaji tu. Bibi yuko kwenye biashara Mikumi."

Akaandika, akaenda mlango wa pili.

Bibi aliporudi, orodha ilikuwa imebandikwa na sisi hatumo. Akanishika mkono hadi ofisini. Watu walijaa, na miongoni mwao baba yake rafiki yangu, amefuata shughuli zake. Karani alimwamkia bibi vizuri; hakuwa mtu mbaya. Akaligeuzageuza lile bati. "Bibi, hiki mtu anaweza kuokota. Mjukuu wako mwenyewe kasema ni wapangaji. Haya, aseme hapa kwamba babu yake alikuwa manamba, mimi naandika sasa hivi."

"Sema, mke mwenzangu," bibi akaniambia.

Maneno yalikuwa machache tu. Nilitazama viatu vya yule mwenye duka, ulimi ukagoma kabisa. Bibi akangoja. Watu nyuma wakaanza kuguna. Mwisho akachukua bati lake, akamwambia karani, "Mwanangu, mtoto hajasema uongo. Tulipanga tu."

Tukahamia Mikumi, chumba cha uani kwenye nyumba ya wageni. Bibi akawa anafua mashuka ya madereva, na malori yakipita ukuta unatetemeka. Akiulizwa atokako, anajibu, "Kilosa. Nilikuwa nimepanga." Hata tukiwa wawili tu hakuwahi kuigusa siku ile. Heri angenichapa, nikalia, yakaisha.

Kambi sasa ni vichaka. Vijana ukiwatajia manamba wanakutolea macho; neno limekufa na waliolibeba, na waliolitumia kututukana nao wengi hawapo. Ningeweza kulitamka sokoni mchana kweupe, asicheke mtu.

Bibi alipofariki, nilipewa kazi ya kuandika wasifu wake. Kisha nikaandika: marehemu alikuwa mfanyabiashara wa Mikumi. Mchungaji akausoma kaburini kwa sauti kubwa, waombolezaji wote wakasikia, na mimi nikanyamaza tena.