Msonge wa Bibi Siku ya Wageni

Enzi zetu pale Ihembe hakuna mtoto aliyeuliza msonge ni nini. Ulizaliwa humo. Nyasi ziliezekwa kutoka kileleni hadi zikagusa ardhi, na sakafuni zikatandazwa nyasi mbichi za kukalia, harufu yake tamu. Ukiingia na matope miguuni, Bibi anakufukuza na mwiko. Vijana wa leo wanauita "kibanda". Kibanda! Wao wanaookwa na bati mchana kutwa kama mihogo.

Bibi, mama yake baba, aliingia msongeni mwake akiwa bibi harusi. "Humu nitatoka maiti," alikuwa akisema. Lakini kahawa ikamkubali baba, akajenga kando yake nyumba ya pembe nne, ya bati, ya kwanza kijijini. Majivuno yake hayasemeki! Mara karani wa mkungu, ndivyo tulivyomwita mkuu wa kijiji, akatangaza kwamba wageni wa Kizungu watatembezwa kwa miguu kuangalia majengo yetu. Baba akashikwa na homa ya sifa: msonge ule utamwaibisha mbele ya wageni. Bibi alimsihi asiubomoe, akampigia magoti mtoto aliyemzaa mwenyewe. Wapi! Jioni ya kuamkia siku ya wageni, msonge ulikuwa chini.

Asubuhi karani akafika, kaptula imenyooshwa kwa pasi, anaonyesha bati letu kwa fimbo utadhani kaliezeka yeye. Wageni wakalitazama kwa adabu, wakanong'onezana. Karani akamgeukia baba, uso umemshuka.

"Wanauliza msonge uko wapi. Bati wanalo kwao. Wametembea tangu alfajiri kuufuata huo."

Bibi alikuwa ameketi juu ya rundo la miti na nyasi.

"Waonyeshe, mwanangu," akasema. "Wakaribishe ndani."

Niliona aibu mpaka nikalia. Bibi alimalizia siku zake chini ya bati lile, mvua ikinyesha anaziba masikio.

Juzi nimerudi. Mtoto wa kaka yangu amejenga palepale msonge wa saruji, juu nyasi za plastiki, anatembeza watalii. "Hapa ndipo alipoishi mama yake babu," anawaambia kwa sauti ya asali. Hakumwona hata siku moja!

"Nyasi za sakafuni ziko wapi?" nikamuuliza.

"Aa, shangazi, zile zinaleta viroboto."

Nilikuwa nimevua viatu mlangoni kwa mazoea. Nikasimama pekupeku juu ya saruji ya baridi, na watalii wote wakanipita ndani na viatu vyao.