Sumu ya Zimwi Linalolala

Mimi ni mutu wa mbao. Nilianza kwa kubeba mbao za wengine kichwani, nikizishusha kwenye malori yanayotoka Masisi, na leo malori hayo yanasimama mbele ya depo yangu mwenyewe. Shule niliishia mwaka wa tatu wa primaire, na watu wenye diplome wananiita patron. Ninasema hivyo mapema ili musomaji asishangae akisikia kwamba, kwa miaka mitatu sasa, mimi ndiye ninayekata sheria za muchezo wa mazimwi hapa Goma.

Muchezo wenyewe ulitoka kwenye katuni za nje. Kampuni yake iko mbali na haitujui. Sisi mashabiki tuliuchukua, tukatupa tusiyoyaelewa, tukaweka ya kwetu. Kila mutu anachora zimwi lake kwenye kipande cha katoni, anaandika lina pointi ngapi za damu na linapiga namna gani, kisha mazimwi mawili yanapigana kwa kurusha dadu. Tunacheza dimanche, watu wakitoka kanisani, kwenye meza kubwa niliyoigonga mwenyewe. Kwa kuwa meza ni yangu, arbitre, mwamuzi wa muchezo, ni mimi. Sheria moja nimeileta mimi, na hakuna mwingine angeifikiria: zimwi likishindwa kwenye fainali ya mwaka, limekufa kweli. Arbitre anapasua karata yake mbele ya watu wote, na ni marufuku kulichora tena. Kabla ya hapo watu walikuwa wanacheza kama wanasubiri chai.

Kuandika kunanichosha, kwa hiyo sheria zangu zote nilizitoa kwa sauti, kwenye telefone, katika grupe yetu. Mutu anauliza kama zimwi la maji likipigwa na umeme linapoteza damu mara mbili. Mimi ninabonyeza na kujibu huku ninapima mbao. Nikishasema, ni sheria. Mwanzoni nilipenda sana. Lakini maswali ya mazimwi hayaishi. Ninaamka, hata uso sijanawa, yako ishirini. Zimwi lenye pembe moja iliyovunjika linapiga nusu au linapiga yote? Dadu ikianguka chini ya meza, na watu wawili wameiona, inahesabiwa? Muke wangu aliniuliza kama hao watu wana kazi. Nikamwambia wana kazi, ni mimi. Kisha watu wakalalamika kwamba sauti zangu zinajaza telefone zao. Nikawaambia wafute zote za zamani, wasiogope, mimi niko hai, wataniuliza tena. Siku hiyo nilijiona mwenye akili sana.

Fainali ya mwaka huu ilikutanisha mwalimu wa hesabu na mama mumoja anayeuza sokoni maharagi yanayotoka Kiwanja. Mwalimu alikuwa na nyoka wa ziwa, mwenye sumu. Mama alikuwa na ng'ombe mwenye pembe za jiwe na mikia miwili. Huyo ng'ombe alichorwa na dada yake mukubwa, wakati walipokuwa wakiishi pamoja kwenye kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, kwenye katoni ya sabuni. Dada alirudi Masisi kuangalia shamba lao, na tangu hapo hawajapata habari yake. Picha yake hawana. Kitu pekee cha mukono wake kilichobaki ni ile katoni. Wote tuliokuwa pale tulijua hivyo, na nilikuwa nimemushauri mama alete zimwi lingine. Alinijibu kwamba dada akirudi, kitu cha kwanza atauliza ni ng'ombe wake alifika wapi.

Siku yenyewe nilikuwa nimechoka mupaka kwenye mifupa. Lori langu lilikuwa limekwama karibu na Lac Vert tangu asubuhi, mvua inapiga mabati, na pale mezani wananiita kila dakika. Ng'ombe alikuwa amebaki na pointi mbili za damu, tena ana sumu mwilini, na sumu inakula pointi moja kila zamu. Mama akatangaza kwamba ng'ombe analala. Sheria ya kulala ni hii: zimwi linalala zamu tatu, hakuna anayeweza kulipiga, na likiamka pigo lake linahesabiwa mara mbili. Mwalimu akacheka kidogo. Akasema zamu tatu za sumu ni pointi tatu, ng'ombe ana mbili, basi atafia usingizini. Mama akasema hapana, zimwi likilala, sumu nayo inalala. Wakanigeukia mimi.

Sikufikiri. Nilisema sumu haina macho, itafungaje macho ilale? Watu wakacheka. Dereva mumoja wa moto, hizi pikipiki za abiria, akaongeza kwamba kama sumu ingekuwa inalala, angekubali kula kwa mama mukwe wake kila siku. Kicheko hicho kilinipendeza, nikaona nimemaliza kazi. Nikanyosha mukono, mama akanipa karata. Ilikuwa nyepesi, kona zake zimelainika kwa kushikwa. Nikaishika katikati kwa vidole, tayari.

Mama hakulia wala kunibembeleza. Alifungua mufuko wake wa maharagi, akatoa kaye, daftari la shule lenye gamba la bluu, akalamba kidole, akatafuta ukurasa.

"Papa, usipasue kwanza. Nisome maneno yako, niliyaandika kabla ya kufuta sauti."

Mwalimu akasema kaye inaweza kuandikwa hata jana. Na mimi nikasema, kwa sauti ya patron, kwamba sheria yangu iko kwenye sauti, haiko kwenye kaye ya mutu. Mwenye sauti aiweke hapa tuisikie. Watu wakatoa telefone, wakatafuta. Hakuna aliyekuwa nayo. Wote walikuwa wamenitii, walikuwa wamefuta. Mama akasoma tu, polepole, kidole kikifuata mustari.

"Sumu nayo inalala. Mutu akilala na njaa, njaa inalala naye, asubuhi munaamka wawili. Mimi nilibeba mbao na tumbo tupu, mutanifundisha nini?"

Nilijisikia mwenyewe katika hayo maneno. Hakuna mwingine Goma anayeongea hivyo juu ya njaa. Hata mahali nilipokuwa nimesimama nikiyasema nilipakumbuka, nyuma ya depo, mukono mumoja juu ya rundo la mbao. Nikatazama nyuso. Ningeweza kunyamaza, nipasue, hakuna ambaye angenibishia, na lori lilikuwa linaningoja. Nikamurudishia mama karata yake. Nikawaambia kwamba ni mimi niliyesema hivyo, na kwamba leo nimekosea. Hayo maneno mawili ya mwisho yalinichosha kuliko lori zima la mbao.

Wakaendelea. Zamu tatu zikapita, ng'ombe akaamka na pointi zake mbili. Nyoka alikuwa na nane. Dadu ikitoa nne, mara mbili ni nane, nyoka amekufa; ikitoa tatu, nyoka atabaki na atamumaliza ng'ombe. Mama akaitikisa kwenye kiganja muda murefu, akairusha. Tano. Hakushangilia. Alichukua ng'ombe wake na kumuweka katikati ya kaye. Mwalimu akanisogezea nyoka wake mwenyewe.

"Pasua, muzee," akasema. "Nilimuchora vizuri, lakini pasua."

Nikapasua.

Watu walipoanza kutoka, nilimufuata mama mupaka mulangoni, nikamuomba aniachie ile kaye, ikae depo, mahali pa sheria. Nilimwambia nitaifunga kwenye sanduku lenye kufuli, kama vitu vyangu vya maana. Akatikisa kichwa.

"Kaye ni yangu, Papa. Ukisahau, uje uniulize."

Basi ninaenda. Asubuhi ninasoma maswali, na lile nisilolikumbuka ninapanda nalo moto mupaka sokoni, mimi mwenye depo, ninasimama kwenye foleni nyuma ya wanaonunua maharagi. Zamu yangu ikifika anafuta mikono, anafungua kaye na kunisomea nilichosema. Mara nyingine ni kizuri. Mara nyingine ninamuomba asome tena, kwa sababu siamini ni mimi, na ananiambia nisogee pembeni, kuna wateja.